Managu yapi hasa? Jina la kisayansi halina uzito bila sampuli

Pita Kangemi, Nairobi, jioni, kwenye vibanda vya mama mboga, uombe managu. Utapewa fungu la majani mabichi lililokazwa kwa uzi, na hakuna atakayekuuliza unataka managu yapi. Mluo ataiita mboga hiyo osuga, Mkisii rinagu, mtu wa pwani mnavu, na kila mmoja atakuwa amesema kweli, maana kazi ya jina la sokoni ni kumfikisha mnunuzi kwenye mboga anayoijua. Shida huanza jina hilo likiingia kwenye ripoti, kwenye pakiti ya mbegu au kwenye tasnifu ya chuo, likageuzwa kuwa Solanum nigrum, na kila mtu akaona swali limekwisha.

Halijaisha. Solanum nigrum ni jina ambalo Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliupa mmea wa Ulaya mwaka 1753. Managu yanayolimwa kwetu kwa kawaida ni spishi nyingine. Kuna Solanum scabrum, yenye majani mapana na matunda ya zambarau iliyokolea hadi weusi, ambayo hufikia upana wa milimita 15 hivi na hung'ang'ania kwenye vikonyo hata yakiiva. Kuna Solanum villosum, yenye matunda madogo ya rangi ya machungwa. Na kuna Solanum americanum, inayojiotea kando ya mitaro, yenye vitunda vyeusi vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Tofauti zao zimeingia mpaka ndani ya seli: americanum ina kromosomu 24, villosum 48, scabrum 72. Mkulima akikamulia mbegu za villosum na scabrum kwenye ndoo moja hapati aina ya tatu iliyo bora. Anapata shamba ambalo halikomai kwa pamoja, na machotara wakitokea huwa tasa.

Mtafiti naye akipima madini ya chuma kwenye managu ya sokoni, akaandika Solanum nigrum bila kuhifadhi hata tawi moja lenye ua na tunda, ametoa tarakimu ambazo hakuna mwenzake atakayejua ni za mmea gani. Na fungu la sokoni halina ua wala tunda. Limechumwa changa makusudi, kwa sababu mlaji anataka jani laini.

Msimamo wangu ni kwamba jina la kisayansi ni dai kama madai mengine. Linahitaji kitu cha kushikika, na kwa mimea kitu hicho ni tawi lililokaushwa, likapewa nambari, likalazwa kabatini mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kulitazama. Jijini mahali hapo tunapo: Hebaria ya Afrika Mashariki, kwenye Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Ilianzia Amani, Tanzania, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na wataalamu wa mimea kote duniani huitambua kwa herufi mbili tu, EA. Ripoti ya mazingira iliyoandikiwa Westlands, mwendo mfupi kutoka kwenye makabati hayo, ikiorodhesha mimea 80 bila nambari hata moja ya sampuli, haina cha kujitetea nacho.

Tuanze na kinacholishikilia jina. Watu wengi hudhani jina la Kilatini ni maelezo yaliyofupishwa, kwamba ukilifasiri utamjua mnyama au mmea wenyewe. Sivyo. Mtaalamu anapotangaza spishi mpya huteua sampuli moja, moja tu, iwe mshikaji wa jina. Huitwa holotaipu. Maelezo aliyoyaandika yanaweza kuwa na makosa na mchoro wake ukawa mbaya, lakini jina litaifuata sampuli ile popote. Ikigundulika baadaye kwamba alichokieleza kilikuwa spishi mbili zilizochanganyika, jina la zamani hubaki na ile yenye holotaipu, na ya pili hutafutiwa jina lake. Kanuni za mimea huhesabu kuanzia 1753, za wanyama kuanzia 1758, na jina lililotangulia kuchapishwa kwa utaratibu ndilo lenye haki. Tangu Januari 2012 spishi mpya ya mmea inaweza kuelezwa kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Kwa kuvu, tangu 2013, jina lisiposajiliwa halihesabiki. Bakteria wamewekewa sharti gumu zaidi: vijidudu hai vya kielelezo lazima vitunzwe katika hifadhi mbili, kila moja katika nchi yake.

Mfano mzuri wa jina na mshikaji wake ulitoka kwenye droo za makumbusho hayohayo ya Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 visukuku vilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, vikaletwa jijini na kuhifadhiwa. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walitangaza kwamba taya mojawapo lilikuwa la mnyama asiyewahi kupewa jina, aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Wakamwita Simbakubwa kutokaafrika. Kila Mswahili analielewa jina hilo bila kamusi, na kila Mswahili anaweza kupotoshwa nalo, kwa kuwa mnyama yule hakuwa simba wala ndugu wa karibu wa simba. Alikuwa wa kundi la haienodonti, wanyama wala nyama wa kale, ambalo limetoweka lote. Waliompa jina hawakukosea. Jina limefungwa kwenye taya, taya lina nambari, na miaka yote ile kilichohitajika ni droo kavu na lebo iliyosema mfupa umetoka wapi. (Vinyonga wengi wa milima yetu nao wamepata jina la nyumbani: tangu 2006 wamo katika jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, iitwayo Kinyongia.)

Berlin kulitokea kinyume chake. Machi 1943 mabomu yaliiteketeza hebaria ya mji ule, na humo zikaungua sampuli nyingi za kwanza za mimea ya Afrika Mashariki zilizokusanywa enzi za Wajerumani. Majina mengi yaliokolewa na desturi moja ya wakusanyaji: kukata matawi manne au matano ya mti uleule, siku ileile, chini ya nambari ileile, na kuyagawa kwenye hebaria mbalimbali. Holotaipu ikiangamia, mojawapo ya nakala hizo huteuliwa kushika jina. Ndiyo maana mkusanyaji anayechukua tawi moja tu, akaliacha kwenye kabati la idara yake, amefanya nusu ya kazi.

Kutengeneza sampuli hakuhitaji maabara, kunahitaji uangalifu. Vifaa ni mkasi wa kupogolea, magazeti ya zamani, kadibodi zenye mifereji, vibao viwili na mikanda miwili ya kukazia. Chagua tawi lenye majani, ua na tunda kwa pamoja ikiwezekana, likate litoshee karatasi ya hebaria, ambayo ni karibu sentimita 42 kwa 27. Nyasi hung'olewa na mizizi yake, na zikiwa ndefu hukunjwa mfano wa V au Z. Walau jani moja ligeuzwe tumbo juu, maana vinyweleo na vitezi vinavyotenganisha spishi mara nyingi viko upande wa chini, na jani likishabandikwa kwa gundi kifudifudi hutaweza tena kuviona. Tunda nene lipasuliwe katikati. Ua moja lifunguliwe na kulazwa wazi, ili anayehesabu stameni, viungo vya kiume vya ua, baadaye asilazimike kulichemsha.

Kisha andika papo hapo, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huchujuka na penseli haichujuki. Andika yale ambayo kukauka kutayafuta: rangi ya ua, harufu ya jani likipondwa, utomvu kama upo na rangi yake, urefu wa mti, gome lilivyo. Ongeza mahali, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji na nambari yake, ambayo haijirudii maisha yake yote. Mkusanyaji anayeanza nambari 1 upya kila mwaka huwatesa watu kwa miaka hamsini. Na kabla ya hayo yote pawe na kibali: leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya wanaosimamia msitu au hifadhi husika.

Ukaushaji ndio unaowashinda wengi hapa Nairobi. Julai, ukungu ukilala Limuru mpaka saa nne asubuhi, gazeti hubaki na unyevu na kuvu hutanda kwenye majani ndani ya siku chache. Magazeti yabadilishwe kila siku kwa siku tatu za kwanza, kadibodi zipangwe mifereji yake ielekee upande mmoja ili hewa ipite, na kama kuna moto uwe wa chini. Anayeharakisha kwa joto kali hupata majani meusi yanayovunjika, na DNA iliyokatikakatika. Kwa ajili ya DNA, kipande cha jani chenye ukubwa wa stempu hutiwa kando, kwenye mfuko wenye silika jeli, chembe za kufyonza unyevu, siku ileile. Sampuli ikishakauka hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku tatu au zaidi kuua mbawakawa na mayai yao. Mfuko usifunguliwe kabla haujarudia joto la chumba. Ukifunguliwa ukiwa baridi, umande hutua juu ya jani na kazi yote ya kukausha inaanza upya.

Sampuli ikiwa mezani, utambuzi wenyewe hufanywa kwa ufunguo: kauli mbili mbili zinazopingana, unachagua moja, inakupeleka kwenye jozi inayofuata, mpaka ufike kwenye jina. Chukua miti mitatu inayochanganywa kila siku katika vitalu vya miche vya jiji: mwarobaini, mwarobaini nusu na mukau. Jozi ya kwanza inauliza kama jani limegawanyika mara moja tu kutoka kwenye uti wake, au limegawanyika mara mbili na zaidi, matawi ya jani yakitoa matawi mengine. Likiwa limegawanyika mara moja, una Azadirachta indica, mwarobaini wenyewe. Likiwa limegawanyika mara mbili au tatu, nenda jozi ya pili: maua ya urujuani na tunda la mviringo la njano, la sentimita moja na nusu hivi, ni Melia azedarach, maua meupe na tunda la umbo la yai linaloweza kufika sentimita 4, ni Melia volkensii, mukau wa Ukambani unaopandwa kwa mbao.

Ni ufunguo mfupi, na bado watu hukwama kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu hawajui jani linaanzia wapi. Kijipande kimoja cha mwarobaini kina sura ya jani kamili. Dawa yake ni kutazama kwapani. Jani la kweli, pale linapoungana na tawi, lina chipukizi dogo kwenye kwapa lake. Kijipande cha jani hakina. Tafuta chipukizi, na yote yaliyo mbele yake ni jani moja. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha.

Kosa hapa lina gharama. Mwarobaini wa kweli ni mti wa joto la nyanda za chini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mti mwingi unaoitwa mwarobaini kwenye nyua za jiji ni Melia azedarach, ambayo matunda yake ni sumu kwa binadamu na kwa nguruwe. Anayechemsha majani kwa kufuata jina la mtaani anakunywa kitu ambacho hajakipima. Na aliyenunua miche ya mukau akitarajia mbao, kumbe ni mwarobaini nusu, atagundua baada ya miaka, mti ukishatoa maua ya urujuani.

Funguo nazo zina mipaka. Mfululizo mkubwa wa kueleza mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, uliokamilika mwaka 2012 ukiwa na spishi zaidi ya 12,000, uliandikwa hasa kwa mimea inayoota yenyewe. Bustani za Nairobi zimejaa miti ya Brazil, Australia na India. Ukiupeleka mti wa kigeni kwenye ufunguo wa mimea ya porini, hautakwambia kwamba haumo. Utakusukuma jozi kwa jozi mpaka kwenye jina la mti mwingine. Kwa hiyo jina ulilofikia kwa ufunguo lipelekwe kabatini na kulinganishwa na sampuli zilizothibitishwa, jani kwa jani. Hatua hii ndiyo huachwa mara nyingi kuliko zote.

Kwa wadudu, kuhesabu hutangulia kila kitu. Mdudu anayetuunguza ngozi msimu wa mvua tunamwita Nairobi fly, yaani nzi wa Nairobi, lakini si nzi: ni mbawakawa wa jenasi Paederus. Nzi ana mbawa mbili. Huyu ana nne, mbili za mbele zikiwa magamba mafupi ya buluu yaliyofunika kifua cha nyuma tu na kuacha tumbo jekundu wazi. Haumi wala hadungi. Sumu iko ndani ya mwili wake, ndiyo maana anapaswa kupeperushwa na ngozi kuoshwa kwa sabuni, badala ya kumpondaponda.

Kuna mahali ambapo macho na lenzi hufika mwisho. Mbu aliyejulikana kwa miaka mingi kama Anopheles gambiae ni kundi la spishi zinazofanana kiasi kwamba hata mtaalamu hawezi kuzitenganisha kwa kutazama mbu mzima. Anopheles gambiae mwenyewe hupenda damu ya mtu na hupumzika ndani ya nyumba. Anopheles arabiensis huuma nje pia, na ng'ombe humtosha. Chandarua na dawa ya ukutani humkabili wa kwanza vizuri zaidi kuliko wa pili, kwa hiyo kuwaandika wote kwa jina moja ni kuficha sababu ya mradi kufaulu hapa na kushindwa pale. Tangu 1993 kipimo kinachotumika sana huchukua mguu mmoja wa mbu, hutoa DNA, huiongeza kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, na kusoma urefu wa kipande kinachotokea kwa jozi-besi, vipimo vya urefu wa DNA: 390 ni gambiae, 315 ni arabiensis.

Kipimo hiki ni kizuri, lakini hujibu tu swali kilichoulizwa. Mbu asiye wa kundi hilo hatoi kipande chochote, na kwenye daftari huandikwa kuwa sampuli iliharibika. Mwishoni mwa 2022 Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya mijini, alithibitishwa Marsabit. Timu inayotupa kapuni mbu wasiotoa jibu inaweza kumtupa yeye. Mbu wa namna hiyo wahifadhiwe, wapimwe kwa kusoma mfuatano wa jeni la COI, kipande cha jozi-besi karibu 650 kinachotumika kutambulisha wanyama wengi, na mwili uliobaki ubandikwe kwenye pini yenye nambari ileile ya DNA.

Wapo wanaosema DNA imeondoa haja ya makabati. Nadhani wameangalia upande mmoja. Mfuatano wa DNA hulinganishwa na maktaba ya mifuatano, na kila mfuatano katika maktaba hiyo ulipewa jina na mtu aliyetazama mdudu au jani. Akikosea yeye, kila anayefuata hupokea kosa lake pamoja na asilimia 99 ya ufanano. Kosa hilo halisahihishiki ikiwa mwili ulitupwa. Aidha, COI hurithiwa kwa mama peke yake, hivyo chotara huonekana kama spishi ya mama yake. Kwa mimea COI haifai kabisa, kwani hubadilika polepole mno. Hutumika jeni za rbcL na matK, na hata hizo mbili hushindwa kutenganisha spishi nyingi zilizo jirani.

Sasa majina yanayobadilika, ambayo huwaudhi watu kuliko yote. Mgunga wa gome la njano wa Naivasha uliitwa Acacia xanthophloea vizazi kwa vizazi; leo ni Vachellia xanthophloea. Ilionekana kwamba Acacia ya zamani si ukoo mmoja, ni kadhaa. Kwa utaratibu wa kawaida jina lingebaki na ukoo wenye mshikaji wa jina, mti wa Afrika na Asia ulioitwa Acacia nilotica, na spishi karibu 1,000 za Australia zingepewa jina jingine. Kamati ikapendekeza mshikaji abadilishwe, awe mti wa Australia, ili majina machache zaidi yavurugike. Kwenye mkutano wa Vienna mwaka 2005 wengi wa waliopiga kura walipinga, lakini ilihitajika asilimia 60 kulipindua pendekezo na hawakufika. Melbourne, mwaka 2011, ikathibitishwa. Kwa hesabu ya majina kamati ilikuwa na hoja. Kwa haki, naona ilikosea: pale ambapo kanuni ilikuwa upande wa Afrika, kanuni ilipindwa, na walio wengi hawakutosha kuizuia. Hata hivyo anayeandika leo atumie Vachellia na Senegalia, majina ya sasa ya migunga yetu, akitaja jina la zamani mara ya kwanza, ili msomaji aweze kufuata maandishi ya miaka iliyopita.

Badiliko jingine naliunga mkono bila kusita. Ua wa miiba unaozunguka mashamba na mitaa ya Nairobi, kaiyaba au kayaba, kwa sayansi uliitwa Dovyalis caffra. Neno hilo la pili linatokana na tusi walilotukanwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Mkutano wa mimea wa Madrid, Julai 2024, ulipiga kura kwamba majina yote ya namna hiyo yapoteze herufi moja, caffra iwe affra, na yamaanishe Afrika. Zaidi ya spishi 200 zinaguswa. Waliopinga walihofia kwamba mlango ukishafunguliwa hautafungika. Lakini hakuna sampuli iliyohamishwa wala mshikaji aliyebadilishwa. Iliondolewa herufi moja, na kaiyaba ikawa Dovyalis affra.

Twiga nao. Agosti 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikubali kwamba twiga si spishi moja, ni nne, na Kenya ina tatu kati yake. Twiga wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ni Giraffa tippelskirchi. Wale wanaolishwa kwa mkono na wageni huko Lang'ata ni wa Giraffa camelopardalis. Wa kaskazini wenye mistari kama wavu ni Giraffa reticulata. Hakuna jina jipya lililotungwa. Tippelskirchi lilikuwepo tangu 1898, reticulata tangu 1899, yamelala kama majina ya nususpishi, yaani migawanyo ndani ya spishi moja, yakaamshwa. Na camelopardalis lilibaki na twiga wa kaskazini kwa sababu mahali pa mshikaji wake pamewekwa Sennar, Sudan. Ukiona limeandikwa Giraffa camelopardalis (Linnaeus, 1758), mabano yanakwambia Linnaeus alimweka kwenye jenasi nyingine, Cervus, pamoja na kulungu wa Ulaya. Bila mabano, jenasi haijabadilika. Kwa wanaohesabu wanyama athari ni ya moja kwa moja: jumla moja ya twiga wa Kenya haitoshi tena, na kuwahamisha kutoka pande moja kwenda nyingine kunahitaji kwanza kujua ni wa spishi ipi.

Programu za simu zinazotambua kwa picha zina faida, hasa kwa ndege na vipepeo. Kwa mmea, picha moja ya jani kutoka juu karibu haina maana. Piga mmea mzima, jani pande zote mbili, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda bivu, na mahali jani linapoungana na tawi, rula ikiwa kwenye fremu. Programu hujifunza kutokana na picha nyingi, na spishi zetu nyingi zina picha chache. Huelekea kukupa jina la ndugu wa mmea huo aliyepigwa picha nyingi kwingineko. Jibu lake ni mwanzo wa kutafuta.

Na pale usipojua, sayansi imekupa namna ya kusema hivyo. Ukijua jenasi tu, andika Solanum sp. Ukiona inafanana na spishi fulani ila hujalinganisha, weka cf. katikati. Ukiamini iko karibu nayo lakini si yenyewe, weka aff. Wahariri na wakaguzi wa ripoti wakome kuvifuta vifupisho hivi kwa kuviona ni udhaifu. Ripoti yenye sp. kumi ni ya kuaminika kuliko yenye majina 80 kamili yasiyo na sampuli.

Kwa managu ya Kangemi, basi, lebo ya kweli ingesomeka hivi: Solanum cf. villosum, Kenya, Nairobi, Kangemi, bustani kando ya kijito, mwinuko mita 1,800 hivi, mmea wa sentimita 50, maua meupe, matunda mabivu ya rangi ya machungwa, upana milimita 8, mkulima anaiita managu, jina la mkusanyaji, nambari yake, tarehe, nakala nne. Chini yake, kwenye karatasi ya sampuli, huachwa nafasi ya sentimita chache kwa kijikaratasi cha mtambuzi atakayefuata, na cha kwanza hakibanduliwi.